Nyuzi 20 jumlisha 5 ni 298.15? Uzoefu wangu na programu ya hesabu inayojisifia vizio

Andika nyuzi 20 za Selsiasi, jumlisha nyuzi 5, kisha bonyeza. Programu hii ninayoilipia, ya kupiga hesabu zenye vizio (mita, kilo, sekunde na kadhalika), inajibu: nyuzi 298.15 za Selsiasi. Haiweki rangi nyekundu wala haikuulizi ulichokusudia. Jibu linakuja limevaa suti, na tarakimu zake mbili baada ya nukta, tayari kuingia kwenye ripoti.

Linakotoka ninapajua. Kila halijoto inageuzwa kimyakimya kuwa Kelvini, mizani inayoanza kuhesabu kwenye baridi ya mwisho kabisa, kwa kuongezewa 273.15, kwa hiyo 20 inakuwa 293.15 na 5 inakuwa 278.15, jumla 571.30. Wakati wa kuonyesha jibu, 273.15 inatolewa mara moja tu, ilhali iliongezwa mara mbili. Ukitoa badala ya kujumlisha, kosa linajificha vizuri zaidi: 25 kutoa 20 inaleta Kelvini 5, ambayo ni sahihi, lakini omba jibu hilohilo katika Selsiasi uone, unaletewa −268.15.

Kujumlisha angalau kunachekesha, mtu atashtuka. Balaa liko kwenye kuzidisha. Chukua hesabu ya darasani: maji kilo 2 yapande joto kwa nyuzi 5, na kila kilo inahitaji jouli 4,186 kwa kila nyuzi. Jibu ni jouli 41,860. Programu inatoa 2,328,672, kwa sababu imezidisha kwa 278.15 badala ya 5. Ni zaidi ya mara 55! Na kizio kilichoandikwa mwishoni ni jouli, sahihi kabisa, kwa hiyo ule ukaguzi wa vizio wanaoutangaza kila mahali unapitisha kosa huku ukitabasamu.

Niliwaandikia huduma kwa wateja, nikaambatanisha mistari mitatu tu ya hesabu. Jibu lilichelewa, na lilipofika lilisema programu inafanya kazi kama ilivyokusudiwa, na kwamba nijifunze kwanza tofauti ya Selsiasi na Kelvini. Mimi! Tofauti hiyo ndiyo niliyokuwa nimewaandikia. Alama moja ya °C imebebeshwa kazi mbili: kutaja mahali kwenye mizani (maji yako kwenye nyuzi 20) na kutaja ukubwa wa badiliko (maji yamepanda nyuzi 5). Ya kwanza inahitaji 273.15, ya pili haiitaki hata kidogo. Wenzao walishaliona hili. Mathematica, programu nyingine ya hesabu, ina DegreesCelsius (halijoto) na DegreesCelsiusDifference (badiliko), kila kimoja na kazi yake. Pint, maktaba ya bure ya Python (lugha ya kuandikia programu), inakataa kujumlisha degC mbili mpaka useme wazi kwamba moja ni delta_degC, yaani badiliko. Kitu cha bure kinagoma pale kitu cha kulipia kinapodanganya.

Nisiwaonee. Kwenye hesabu za gesi, ambazo lazima zitumie Kelvini, tabia hiyohiyo inaokoa. Moli 1 ya gesi (moli ni kipimo cha idadi ya chembe) kwenye nyuzi 20 na paskali 101,325 inajaza lita 24.05, anayesahau Kelvini akaweka 20 tupu anapata lita 1.64, na hapa programu haikuruhusu usahau. Ukijumlisha mita na sekunde inakukatalia papo hapo. Kuchanganya futi, inchi na milimita katika mstari mmoja ni raha tupu. Kwa kazi za urefu, nguvu na mgandamizo ningeipa nyota nne bila kinyongo.

Kwa kazi za joto, inunue ukijua unachofanya. Mwanzoni mwa faili tengeneza kizio chako, kiite dT, na ukipe thamani ya Kelvini 1. Kila badiliko la halijoto liandike kwa dT, na °C ibaki kwa halijoto yenyewe tu. Kwa Fahrenheiti tengeneza dF ya Kelvini 5/9. Majibu ya kutoa yaonyeshwe katika Kelvini, usiyaguse kwa °C. Na kabla ya kuamini programu yoyote ya aina hii, zidisha nyuzi 0 za Selsiasi kwa 2. Ikikuletea 273.15, umeshaijua tabia yake.

Halafu kuna mzunguko. Hapa radiani, kipimo cha pembe, inahesabiwa kuwa 1 tupu, hivyo Hz 50 (mizunguko 50 kwa sekunde) ukiigeuza kuwa radiani kwa sekunde inabaki 50, wakati ilipaswa kuwa 314.16, maana mzunguko mmoja una radiani 6.28 hivi. Newton-mita, kipimo cha nguvu ya kusokota inayokaza bolti, nayo inaonyeshwa kama jouli, kizio cha nishati. Hayo ni maudhi ya kawaida, nimeyaona kwingine pia.

Nimesema nyota nne? Nazifuta. Juzijuzi limetoka toleo jipya, nikakimbilia kujaribu 20 na 5. Vitufe vimebadilishwa sura, kuna rangi mpya ya usiku, na jibu ni 298.15. Nyota mbili, zote za mita na sekunde. Ukipokea faili la mwenzako lililotengenezwa humu, usianze na majibu. Tafuta kila °C iliyosimama peke yake kando ya alama ya kujumlisha, kutoa au kuzidisha, halafu piga mstari huo upya kwa mkono.