Shuka la kufumwa kwa mkono na zulia la mgomba, Kampala: uzoefu wangu

Kwanza bei maana najua ndiyo mnayotafuta. Shuka la pamba la kujifunika shilingi laki moja na themanini za Uganda, zulia dogo la nyuzi za mgomba la mbele ya kochi laki mbili na kitu. Ndiyo, najua, ukishuka soko la Owino unapata blanketi la mtumba kwa bei ya mchezo na hela ya rolex (chapati ya mayai) inabaki. Nikamuuliza fundi wazi wazi, mama mbona ghali hivi? Mama mwenyewe wa Lira kule kaskazini, Kiswahili chake cha kambi za jeshi kama chetu sisi wa Bombo, akacheka akasema ingia ndani uone.

Wallahi mtu ukiona hutauliza tena. Sisi tunaangalia pale mtu amekaa kwenye mtambo anakanyaga pedeli, anarusha kile kimti chenye uzi kushoto kulia, tunasema hiyo ndiyo kazi, kumbe hapo amefika kwenye mteremko. Kazi iko kwenye mtande, zile nyuzi za urefu. Ni mamia, zinapimwa zote sawasawa, zinaviringishwa nyuma ya mtambo usilegee hata mmoja, halafu anashika ncha moja moja anaipitisha kwenye kitundu chake kisha kwenye chanuo la chuma kufuata dizaini, na akiruka kitundu kimoja tu basi mstari unaonekana kitambaa kizima toka mwanzo mpaka mwisho, afungue aanze tena. Unaweza kupita siku nzima na zaidi hajafuma hata upana wa kidole.

Sasa hapa ndipo pesa yenu ilipo. Kupitisha zile nyuzi ni kazi ile ile awe anafuma shuka moja au matano, so ukiagiza moja, dizaini yako, rangi zako, mtande wote unaulipia wewe peke yako. Halafu kuna kipande cha uzi mwishoni ambacho hakifumiki kabisa, kinakatwa, na chenyewe kiko kwenye bei yako. Nilipouliza je tukija watu watatu dizaini moja, bei ilishuka vizuri tu bila kubembeleza.

Shuka lenyewe nimelipenda sana. Zito, kingo zimenyooka, halitoi manyoya. Limeunganishwa katikati kwa sababu mtambo una upana wake na hauwezi kutoa shuka la kitanda kikubwa kwa mara moja, ila mistari imekutana vizuri mpaka uambiwe. Lilipofuliwa mara ya kwanza lilinywea, na hiyo ni tabia ya pamba, uzi unakuwa umevutwa muda wote kwenye mtambo ukiachiwa unajirudia, lakini jamani si mngesema? Au mlifue kabla ya kuniuzia. Nyekundu pia ilichuja kidogo kwenye maji ya kwanza, ya pili hamna.

Zulia sasa. Mtande ni pamba, mgomba ni ule uzi wa kukatiza. Mgomba ukishazaa mkungu wake mmoja umemaliza, unakatwa, na lile shina lililokuwa lioze shambani ndilo wanalotoa nyuzi, na kwa nchi hii ya matooke hayo mashina hayatatuishia leo. Linapendeza, linang'aa, wageni wote wanaliuliza. Ila halitaki maji, linanyonya, kukauka ni mpaka liamue lenyewe na likikaa na unyevu linaota ukungu. Kama una mtoto bado anakojoa ovyo achana nalo kanunue mkeka wa ukindu, unafuta maisha yanaendelea. (Na msiende pale kuulizia lubugo kama yule bwana niliyemkuta, lubugo, kile kitambaa cha asili, halifumwi, ni gamba la mti wa mutuba linapondwa kwa nyundo, mafundi wake ni wengine kabisa.)

Huduma ndiyo imeniudhi. Waliahidi tarehe ikapita, simu haipokelewi, mwisho naambiwa umeme ulikuwa unakatika. Umeme? Mtambo unakanyagwa kwa miguu! Sawa, mashine ya kutoa nyuzi za mgomba inatumia umeme, lakini kilichochelewa ni shuka. Advansi msitoe zaidi ya nusu.

Hata hivyo kwa shuka nitarudi. Pamba imelimwa kibiashara Uganda tangu 1903 na mpaka leo nyingi inapanda meli ikiwa marobota, halafu sisi tunajifunika mitumba ya watu, kwa hiyo kumlipa mama wa Lira hakuniumi sana. Kabla ya Idi naagiza tena, kijani na nyeupe, niko na dada yangu na jirani mmoja. Tukipata wawili wengine wa rangi hizo hizo bei inashuka zaidi. Zulia la pili hapana.