Podikasti za uwindaji wa nyikani na ardhi ya umma Marekani: ipi uanze nayo

Podikasti hainunuliwi dukani, na zote nitakazozitaja hapa unazisikiliza bure. Lakini kipindi kimoja kinaweza kukuchukua saa mbili, bando linakwenda, na katikati ya maongezi kuna mtu anakushawishi ununue darubini au koti. Anayechagua podikasti ya uwindaji ananunua kama mnunuzi mwingine yeyote, na ana haki ya kujua anapata nini.

Mimi huzipima kwa swali moja. Nikimaliza kusikiliza, je, najua mwindaji alikuwa amesimama kwenye ardhi ya nani? Serikali kuu ya Marekani inamiliki takriban ekari milioni 640, sehemu kubwa ikiwa majimbo ya magharibi na Alaska. Idara ya Bureau of Land Management peke yake inasimamia kama ekari milioni 245, na ile ya misitu, Forest Service, milioni 193 hivi. Raia asiyemiliki hata kiwanja anaweza kukata leseni, akabeba mkoba wake na kuingia humo kuwinda. Podikasti inayonisimulia jinsi elki alivyopatikana (elki ni mnyama wa jamii ya kulungu, mkubwa, mwenye pembe za matawi) lakini isiniambie ni kwa nini mlima ule bado uko wazi kwa kila mtu, imenipa nusu ya hadithi.

Chukua kisa cha Wyoming. Karne ya 19 serikali iligawia kampuni za reli ardhi kwa mtindo wa ubao wa drafti: kipande cha maili moja ya mraba kwa reli, kinachofuata kikabaki cha serikali, na kuendelea hivyo hivyo. Leo vile vya reli vingi viko mikononi mwa watu binafsi, na vya umma vimezingirwa, vinagusana kwenye ncha za pembe tu. Mwaka 2021 wawindaji wanne kutoka Missouri walitumia ngazi kuvuka ncha kama hiyo karibu na Elk Mountain, wakatoka kipande cha umma wakashukia kipande cha umma, bila mguu kugusa udongo wa jirani. Walishtakiwa. Mwaka 2022 mahakama iliwaachia. Mwenye ardhi naye alikuwa amefungua kesi ya madai, na Machi 2025 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaamua kwamba hawakukosea, ikiegemea sheria ya mwaka 1885 inayokataza watu kuizingira ardhi ya umma. Mtu anayekufundisha kuwinda magharibi ya Marekani bila kukugusia mambo haya anakupeleka porini umefumba macho.

Kwa kipimo hicho, nazipanga hivi.

Ya kwanza: Podcast & Blast, ya Backcountry Hunters & Anglers

Mwenyeji wake aliyeijenga ni Hal Herring, mwandishi wa habari wa Montana. Chama kinachoitoa kilianza mwaka 2004 kando ya moto wa kambi huko Oregon, na kazi yake ni kutetea ardhi na maji ya umma ili wawindaji na wavuvi wasifungiwe nje. Katika kisa cha Wyoming, tawi la chama katika jimbo hilo lilichangisha fedha za kuwalipia mawakili wale wanne.

Herring hana haraka. Anamkalisha mwanasayansi, mfugaji au mwandishi na kumwacha aongee hadi jambo lifike mwisho wake. Anayetaka kujua ni risasi gani itumike kwa umbali gani atachoka mapema. Lakini ukitaka kuelewa kwa nini bonde moja limekauka na jingine lina samaki, au kwa nini mfugaji na mwindaji wanagombana leo na kesho wanasimama upande mmoja, sijasikia podikasti inayoikaribia hii.

Jua pia kwamba hii ni podikasti ya chama chenye msimamo. Mwaka 2025 lilipoingizwa bungeni pendekezo la kuuza mamilioni ya ekari za ardhi ya umma ndani ya muswada mkubwa wa bajeti, chama hiki kilikuwa miongoni mwa waliolipinga, na mwezi Juni likaondolewa. Sitegemei podikasti yake ijifanye haina upande. Naipenda kwa sababu inamkumbusha msikilizaji kuwa asiyekuwepo na lake halipo: ardhi ya umma ikijadiliwa na wewe umenyamaza, wenzako watakugawia chochote watakacho.

Ya pili: Hunt Talk Radio, ya Randy Newberg

Kama kweli unapanga safari ya kuwinda, hii iweke ya kwanza na ile ya juu iwe ya pili. Newberg alikuwa mhasibu, na uhasibu huo unasikika. Kwa miaka mingi amejenga jina lake kwa kuwinda kwenye ardhi ya umma bila mwongozaji wa kulipwa, na anaeleza vibali kama mtu anayekupitisha kwenye hesabu za duka, mstari kwa mstari.

Na vibali vinahitaji mtu wa namna hiyo. Majimbo mengi ya magharibi hugawa vibali vya elki na wanyama wengine wakubwa kwa bahati nasibu, na kila jimbo lina kanuni zake. Kuna yanayokupa pointi kila mwaka unaokosa, na mwenye pointi nyingi anatangulia. Nevada huzipandisha pointi zako kwa kipeo cha pili, kwa hiyo pointi 10 zinahesabiwa kama nafasi 100 badala ya 10. Idaho na New Mexico hazina pointi kabisa: anayeomba leo na aliyeomba miaka 15 wanaingia sawa. Mgeni asiyejua tofauti hii hupoteza miaka na ada za maombi akisubiri foleni isiyosogea, wakati angeweza kuwinda msimu ujao katika jimbo la jirani.

Sifa yake nyingine ni kutotenganisha kibali na siasa ya ardhi. Akimaliza kukueleza namna ya kuomba, anakueleza ni nani anayetaka kubadilisha utaratibu huo na kwa faida ya nani.

Ya tatu: Bear Grease, ya Clay Newcomb

Newcomb ni mtu wa Arkansas, hupenda dubu na baghala wa kupanda, na husimulia kama wazee wanavyosimulia jioni: polepole, huku kila mtu kwenye kisa akipewa heshima yake. Vipindi vyake vikuu vimepangwa kwa uangalifu, sauti moja inajibiwa na nyingine. Vingine ni maongezi ya mezani kuhusu kipindi kilichopita, na hivyo unaweza kuviruka.

Ndiyo podikasti iliyonipa simulizi ya Holt Collier, na kwa hilo peke yake naiweka hapa. Collier alizaliwa utumwani Mississippi, akaja kuwa mwindaji wa dubu asiye na mfano. Mwaka 1902 ndiye aliyemwongoza Rais Theodore Roosevelt msituni. Alimkamata dubu, akamfunga kwa kamba, Roosevelt akakataa kumpiga risasi mnyama aliyefungwa. Kisa hicho kikachorwa gazetini, na mwanasesere wa dubu akapata jina la rais. Dunia nzima ikamshika mwanasesere. Mtu mweusi aliyeijua ile misitu kwa unyayo wake akasahauliwa na wengi. Leo kuna hifadhi ya wanyamapori yenye jina lake huko Mississippi, na mimi nisingeijua bila mtu aliyechukua muda kumsimulia.

Kwa habari za sheria na sera, Bear Grease haitakushibisha. Isikilize ukiwa barabarani au jikoni.

Ya nne: The MeatEater Podcast

Hii ndiyo maarufu kuliko zote, na wengi wataanza nayo hata nikisema nini. Mwenyeji wake, Steven Rinella, ni msomaji mkubwa na muulizaji mzuri, na wageni wake wa historia na biolojia wanastahili saa zako mbili. Nimeiweka ya nne kwa sababu mbili. Kwanza, maongezi ya mwanzo huwa marefu mno kabla mgeni hajafungua mdomo. Pili, kampuni inayoitoa ina biashara ya vifaa: inamiliki First Lite, wauzaji wa nguo za kuwindia, pamoja na bidhaa nyingine. Wala hawafichi. Lakini sifa ya koti ikitoka kwa mwenye duka, ipime kama maneno ya mwenye duka.

Hapa na kwingineko utasikia mara nyingi kwamba wawindaji ndio wanaolipia uhifadhi. Msingi upo: kwa utaratibu wa sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937, bunduki ndefu na risasi hutozwa kodi ya asilimia 11, na fedha hizo hurudi majimboni kwa kazi za wanyamapori. Lakini kodi hiyo hulipwa pia na anayenunua bunduki ya kulengea shabaha tu na hajawahi kuwinda maishani. Podikasti inayokumbuka kulisema hilo inakuheshimu.

Zilizobaki

Cal's Week in Review (baadaye ikaitwa Cal of the Wild), ya Ryan Callaghan, ni habari fupi fupi za wanyama, sheria na mahakama. Ukiwa na nusu saa tu kwa wiki, chukua hii na uache zote za juu.

Wired to Hunt, ya Mark Kenyon, ni ya wawindaji wa kulungu wa mkia mweupe, hasa kwa upinde. Ni ya kina kabisa kwenye mbinu. Kenyon mwenyewe anaijali ardhi ya umma na ameiandikia kitabu, lakini safari za nyikani hazijai humu.

Na kama baada ya kusikiliza unataka fedha zako ziguse udongo wenyewe, nunua Duck Stamp. Ni stempu ya serikali iliyoanza mwaka 1934, bei yake ni dola 25, na senti 98 za kila dola huenda kununua au kukodi makazi ya ndege wa majini. Mwindaji wa bata mwenye miaka 16 au zaidi analazimika kuwa nayo, lakini si lazima uwe mwindaji kuinunua. Inatumika kuanzia Julai 1 hadi Juni 30, na ukiwa nayo unaingia bila kiingilio kwenye hifadhi za taifa za wanyamapori zinazotoza ada.