Miezi mitatu ya mamangu mkubwa kwenye nyumba ya wazee Malindi, uzoefu wangu

Jina la mahali sitalitaja kwa hivyo msiniulize. Ni hapa Malindi, si mbali na bahari, ukuta mweupe na maua getini, hilo latosha. Naandika manake mwezi huu peke yake nimeulizwa na watu watatu, wote wana mzee aliyeanguka nyumbani na hawajui pa kuanzia.

Mamangu mkubwa ndiye aliyenilea. Hakujaaliwa mtoto, akanichukua nikiwa na miaka minne, nikakulia kwake mtaa wa Barani hapa hapa Malindi, hadi leo nikisema mama bila kuongeza neno ujue ni yeye. Mwaka jana kiharusi kikampiga, upande wa kushoto wote ukafa, mkono na mguu, na juu ya hilo ana sukari na presha. Mimi nafanya kazi hotelini Watamu kwa shifti, kuna siku natoka saa tano usiku, kakangu yuko Doha. Tulijaribu miezi miwili na msichana wa kazi, maskini alijitahidi lakini kuinua mtu wa kilo 80 peke yako si mchezo, siku moja wakaanguka wote wawili chooni na mimi niko kazini simu iko kwa loka.

Maneno tuliyoyasikia baada ya kuamua kumpeleka, wacha tu. Kwetu mzee hapelekwi popote. Shangazi mmoja alinipigia kutoka Mambrui kuniuliza ati nimeshindwa na sahani moja ya wali? Binamu akanitumia kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010, kile kinachosema wazee wana haki ya kutunzwa na jamaa zao na serikali, na huyo binamu hajawahi kumbadilisha pampasi hata moja. Serikali yenyewe ni ile elfu mbili ya Inua Jamii kwa mwezi, zile pesa wanazopewa wazee, nayo ukinunua pampasi za mtu mzima haimalizi hata huo mwezi.

Bei ilikuwa 48,000 kwa mwezi, dipoziti ya mwezi mmoja, pampasi na dawa juu yako. Tulikubali. Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenda kuangalia saa nne asubuhi kwa miadi. Saa nne kila nyumba ya wazee ni nzuri, watu wameshaogeshwa, wamekunywa chai, sakafu imepigwa deki yanukia dawa, wazee wamepangwa kwa vibaraza kama wageni wa harusi. Meneja alinitembeza vizuri sana, dada mpole, anajua kuongea. Nikatoka hapo nimeridhika kabisa.

Wiki mbili za kwanza sina la kusema, kila Ijumaa picha kwa WhatsApp, mama amevaa leso safi amekaa chini ya mwarobaini. Baadaye ndio nikaja kuona kwamba picha zote ni benchi lile lile, na blanketi miguuni kila picha, na Malindi hii na joto lake.

Siku moja nikapata ofu ya ghafla nikapita saa nane mchana bila kupiga simu. Nimefika chumbani mama ananiambia, sauti yenyewe haitoki vizuri, "Mwanangu nina kiu." Nikamwambia maji si haya hapa mama. Akaniangalia tu. Kikombe kiko kwa kimeza cha upande wa kushoto. Upande uliokufa! Yaani kuna mtu alikuja, akamimina maji, akafunika kabisa na kisahani inzi wasiingie, akayaweka mahali ambapo huyu mtu hawezi kuyafikia hata nyumba ikiwaka moto. Na si ubaya wallahi, ni mtu ambaye hakuna aliyemwambia kwamba mama hana mkono wa kushoto. Alikunywa vikombe viwili vya plastiki mfululizo, nikawa namwambia polepole usije ukapaliwa, manake mtu wa kiharusi kumeza kwake pia ni shida, hapewi kitu amelala, anakalishwa wima na akishakula anakaa hivyo kama nusu saa.

Sasa mguuni mwa kitanda kulikuwa na karatasi ya kumgeuza. Mgonjwa wa kulala hugeuzwa takriban kila saa mbili ili vidonda visimtoke, wana karatasi wanatia tiki na sahihi, saa mbili, saa nne, saa sita. Nikaichukua tu kusoma kwa kupoteza wakati mama anapumzika. Ilikuwa ni saa nane na dakika ishirini, na karatasi imetiwa tiki mpaka saa kumi na mbili jioni. Nikaangalia simu yangu. Nikaangalia tena karatasi. Sahihi zote mkono mmoja, kalamu moja, mtu amekaa asubuhi akamalizia siku yote mara moja.

Hapo nikafunua blanketi.

Kisigino cha kushoto. Ngozi zetu nyeusi haziwi nyekundu kama zile za kwenye picha za vitabu, huwezi kungoja uone wekundu, kwa hivyo nilishika. Kilikuwa moto kuliko kile kingine na ngumu kama embe bichi, rangi imekuwa ya zambarau, na katikati pameanza kulainika. Mtu wa sukari, mguu uliopooza, hasikii maumivu vizuri. Nyinyi mnajua sukari na vidonda vya miguu huishia wapi. Nilipiga picha na simu kisigino na karatasi pamoja, saa ionekane.

Meneja alikuja haraka, sitamsingizia. Kwanza akasema ni alama ya kulala tu, nimkande na mafuta. Nesi wao (wa mchana, usiku hakuna nesi, hilo nilikuwa sijaambiwa) ndiye aliyesema la, pakishabadilika hivyo hapasuguliwi wala hapakandwi, unazidi kuharibu nyama ya chini, kinachotakiwa ni kuondoa uzito pale. Akaweka mto chini ya muundi kisigino kikaning'inia hewani, kitu cha dakika moja! Mto! Jioni ile ile tukampeleka hospitali kubwa, wakasema tumewahi, bado hakijapasuka. Nikanunua na godoro la upepo, nalo msije mkadanganyika, godoro halimgeuzi mtu, bado kugeuzwa ni kule kule.

Nyota ningewapa mbili kati ya tano, na moja na nusu ni za mtu mmoja. Kuna binti wa usiku, mtoto wa Kigiriama kutoka huko ndani upande wa Ganze, hana cheti cha maana lakini huyo amelea bibi yake mwenyewe. Akiingia anapiga hodi kwa mtu ambaye hawezi hata kuinuka kufungua. Anamwita Hawe, yaani bibi kwa Kigiriama. Wale wengine walikuwa wanamwita shosho, na mama hulichukia neno hilo, "Mimi si shosho wa mtu," basi wakaandika kwa faili ati ana hasira. Hana hasira, hamjamjua jina. Huyu binti akimgeuza anamwambia kwanza, Hawe sasa naja upande huu, shika bega langu, halafu anapitisha kiganja mgongoni na kwenye makalio kutafuta palipo na joto. Usiku anamsuka nywele na mafuta ya nazi. Kwa mshahara gani sijui na bora nisijue.

Mambo mengine kwa haraka. Chakula kilikuwa safi lakini si cha kwetu, ugali na sukuma siku nne kwa wiki, mama akawa anakula vijiko vitatu anaacha, wanaandika "amekataa kula." Nilipoanza kumpelekea wali wa nazi na samaki wa kupaka nimemtoa miiba akamaliza sahani. Kuogeshwa, kuna wiki mbili alikuwa anaogeshwa na mhudumu mwanamume, hakuambiwa mtu, yeye mwenyewe aliona haya kusema mpaka aliponishika mkono akalia. Hilo walibadilisha siku ile ile nilipolalamika. Swala vilevile, walikuwa wanangoja mpaka apatikane mtu wa kumtawadhisha, hapatikani, kipindi kinapita, nikawaletea jiwe safi la kutayamamu, kule kutawadha bila maji, nikawaonyesha awekwe akielekea kibla, dakika tano tu, na baada ya hapo hata usingizi wake ulitulia.

Ukienda kuangalia mahali usiulize kama wanatunza vizuri, nani atakujibu la. Nenda saa nane mchana au baada ya magharibi, bila miadi. Uliza usiku wako wahudumu wangapi na wazee wangapi, kwetu ilikuwa mmoja kwa wazee kumi na wanne. Uliza nesi analala hapo ama hapana, na mzee akianguka usiku ni gari la nani linampeleka. Soma karatasi ya kugeuza ulinganishe na saa yako. Angalia kikombe kiko upande gani. Shika visigino vya mzee wako kila ukienda, vyote viwili, na ule mfupa wa juu ya makalio, wasikwambie ndio tumetoka kumfunika. Na harufu ya mkojo kidogo isikutishe sana, mahali pasipo na harufu kabisa saa nne asubuhi mimi sasa hivi ndipo naanza kupatilia shaka.

Tulimaliza mwezi wa tatu tukamtoa. Sasa yuko Barani chumba cha mbele, kitanda tumekiinua kwa matofali mgongo usituvunjike, msichana wa mchana na yule binti wa usiku ambaye ndio, nilimchukua, meneja hanisalimii tena sokoni. Kisigino kimepona kimebaki na baka jeusi. Shangazi wa Mambrui alikuja kumtazama akakaa siku mbili, usiku wa pili akaniuliza kama ile nyumba bado wana nafasi, anataka kujua tu.

Dipoziti bado hawajarudisha, huu ni mwezi wa tatu, kila nikipiga mhasibu yuko Mombasa.