Msamaha wa mwaka 2000 au kesi ya The Hague?

Kwa waasi wa LRA, kundi la Joseph Kony lililopigana kaskazini mwa Uganda, nchi hiyo ilijaribu njia zote mbili.

Sheria ya Msamaha ya 2000 ilikuwa na utaratibu mwepesi: mpiganaji anajisalimisha kwa jeshi, polisi, kiongozi wa serikali za mitaa au wa dini, anatangaza kuacha uasi, anakabidhi silaha, kisha anapewa cheti. Zaidi ya watu 26,000 wa makundi mbalimbali ya waasi walipata msamaha huo. Ndio uliowatoa vijana msituni, wengi wao wakiwa walitekwa wakiwa watoto. Kasoro yake ni kubwa: aliyekatwa midomo na waasi hakupata fidia kwa cheti alichopewa aliyemkata.

ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu iliyoko The Hague, ilitoa hati za kukamatwa kwa makamanda watano wa LRA mwaka 2005, akiwemo Kony. Haina polisi wake, hivyo mmoja wao, Dominic Ongwen, alifika huko 2015 tu, akahukumiwa miaka 25 mwaka 2021. Fidia ya euro 750 kwa kila mwathiriwa iliamriwa 2024, ila Ongwen hana kitu, hivyo malipo yanategemea michango. Tena hati hizo zilimpa Kony kisingizio cha kutotia saini mkataba wa amani wa Juba, 2008.

Kwa askari wa kawaida, msamaha ulifaa zaidi. Kwa makamanda, hapana.