Mafungo kwa Waliovunjika Moyo: Tathmini ya Nyumba ya Mafungo Nje ya Mji wa Iringa

Nyumba ya masista ninayoitathmini hapa iko vilimani, nje ya mji wa Iringa, na huwapokea waamini walei (wasio mapadre wala watawa) kwa mafungo, yaani siku za kujitenga kwa sala na tafakari, yanayoanza Ijumaa jioni na kumalizika Jumapili baada ya Misa na chakula cha mchana. Mafungo niliyohudhuria yaliandaliwa kwa ajili ya watu waliovunjika moyo katika kuishi imani yao, na nawashauri wenzangu wa Iringa, Mafinga, Njombe na Mbeya wayafikirie kwa uzito, ingawa yapo mambo ambayo waandaaji wanapaswa kuyarekebisha.

Ubora wake mkubwa ni kwamba hayamhukumu mtu aliyechoka. Katika parokia zetu, mwamini akianza kukosekana kwenye jumuiya ndogo ndogo, mara nyingi huambiwa kwamba imani yake imepungua, au anashauriwa aongeze novena (sala za siku tisa), au anakumbushwa michango anayodaiwa, na hakuna anayemuuliza ni nini kilichomchosha. Padre aliyetuongoza alianza na nabii Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, aliyeketi chini ya mti jangwani akamwomba Mungu aiondoe roho yake. Alituomba tuangalie kwa makini kile ambacho Mungu alifanya: hakumkemea, bali alimwacha alale, akamtuma malaika amletee mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili, na baada ya hapo ndipo safari ya kwenda mlima Horebu ikaendelea. Kwa watu waliofika pale wakiwa na aibu ya kuchoka, maelezo hayo yalikuwa na nguvu kuliko maonyo yote tuliyozoea kuyasikia.

Kiini cha mafungo, na sehemu ambayo ningelipia nauli tena kwa ajili yake peke yake, ni fundisho la Jumamosi asubuhi kuhusu Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Huyu alikuwa askari aliyejeruhiwa vibaya mguuni huko Pamplona mwaka 1521, na maongozi yake ya sala, yaliyo katika kitabu Mazoezi ya Kiroho, yaliidhinishwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548. Padre hakukaa sana kwenye historia hiyo. Alikwenda moja kwa moja kwenye kanuni zinazohusu wakati wa ukiwa, yaani pale ambapo mtu haonji faraja yoyote katika sala. Kanuni ya kwanza aliyoisisitiza ni kwamba wakati huo mtu asibadilishe uamuzi mwema aliouweka alipokuwa na amani, kwa sababu kinachomshauri kwa sauti kubwa wakati wa giza si roho njema. Ya pili ni kwamba asipunguze sala kwa sababu ni kavu, bali aongeze kidogo, hata kama ni dakika chache tu zaidi ya alizozoea.

Katika kikundi chetu cha kushirikishana alikuwapo katekista mmoja mtu mzima, wa kigango (kanisa dogo lililo chini ya parokia) ambacho padre hufika kwa nadra, aliyekuwa amekwisha amua kurudisha funguo za kanisa kwa Baba Paroko kwa sababu vijana wanamdharau na waamini wanaokuja Jumapili wanazidi kupungua. Hakuna aliyemwambia kwamba malalamiko yake ni ya uongo. Aliulizwa swali moja tu: uamuzi huo aliufanya akiwa katika hali gani ya moyo? Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba atausogeza mbele hadi baada ya mavuno. Naona hiyo ndiyo thamani ya fundisho linalomfikia mtu mahali alipo.

Mchana tulisikia habari za Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, mtawa wa Ufaransa, ambaye jina lake hubebwa na masista wa Teresina tunaowafahamu vizuri hapa Iringa. Wengi wetu tumemzoea kwenye picha akiwa na maua ya waridi, kumbe tangu Pasaka ya mwaka 1896 hadi alipofariki tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na umri wa miaka 24, aliishi katika giza zito kiasi kwamba mbingu yenyewe ilionekana kama haipo, naye akaendelea kusali na kuwatendea mema wenzake. Padre aligusa pia misheni ya Tosamaganga, karibu na Iringa, ambayo wamisionari Wabenedikto wa Kijerumani walilazimika kuiacha kutokana na Vita Kuu ya Kwanza, kabla ya wamisionari wa Konsolata kuwasili mwaka 1919. Hapo nilitamani akae zaidi, kwa sababu imani ya wakristo waliobaki bila wamisionari wao ni urithi wetu wenyewe.

Kasoro ya kwanza ni ratiba. Mafundisho ya Jumamosi yalifuatana kwa karibu mno, hivyo muda wa ukimya ulioahidiwa ulimezwa, na simu ziliachwa mikononi mwa watu hata wakati wa kuabudu Ekaristi. Kasoro nzito zaidi ni Kitubio: padre mmoja alipangiwa muda mfupi kabla ya chakula cha jioni, na baadhi ya waliokuwa kwenye foleni walirudi vyumbani bila kuungama. Mtu aliyekaa mbali na sakramenti hiyo kwa miaka, akapata ujasiri wa kusimama kwenye mstari, hapaswi kabisa kuambiwa asubiri siku nyingine. Mapadre wawili wa kusaidia wangetosha kuliondoa tatizo hilo.

Malazi ni safi, na chakula ni kile cha nyumbani: ugali, maharage, mboga za majani, viazi na chai ya moto asubuhi. Anayekwenda Juni au Julai abebe blanketi la ziada na sweta nzito, kwa kuwa baridi ya usiku ni kali na blanketi linalotolewa ni jepesi.

Nawapongeza masista kwa kusema wazi, tangu jioni ya kwanza, kwamba mtu asiyelala kwa majuma mengi, au anayewaza kujidhuru, anahitaji pia kuonana na daktari, na kwamba kwenda hospitali si kukosa imani. Walimchukua kando kila aliyetaka kuzungumza, bila haraka. Kinachokosekana ni ufuatiliaji baada ya watu kurudi makwao; ingefaa majina ya washiriki wanaoridhia yafikishwe kwa viongozi wa jumuiya zao, ili watembelewe nyumbani ndani ya mwezi wa kwanza. Nafasi huombwa mapema kupitia ofisi ya parokia, na asiye na uwezo wa kutoa mchango wote anaweza kumweleza Baba Paroko wake, kwani masista hupokea kile alicho nacho.