Kocha anayeyumba: afukuzwe katikati ya msimu au avumiliwe?

Wanaotaka kocha aondoke wana mfano mzito. Januari 2021 Chelsea walimwondoa Frank Lampard, wakamleta Thomas Tuchel, na Mei wakabeba Ligi ya Mabingwa. Tuchel aliingia na mfumo wa mabeki watatu wa kati, na kikosi kilikuwa na watu wa kuucheza. Hapo ndipo penye siri. Kocha mpya akikuta dirisha la usajili limefungwa, na mfumo wake unadai mawinga ambao hawapo, klabu inalipa fidia ya mkataba uliovunjwa na bado inafungwa.

Wanaoomba subira humtaja Alex Ferguson: alifika Manchester United Novemba 1986, kombe la kwanza 1990, ubingwa wa ligi 1993. Sawa, lakini subira bila dalili za maendeleo ni kupoteza msimu.

Dalili hizo msimamo wa ligi hauzionyeshi zote. Chukua mechi 10 za mwisho, hesabu nafasi za wazi zilizotengenezwa na zilizoruhusiwa. Timu ikitengeneza nyingi ila umaliziaji ni mbovu, au majeruhi wakiwa wengi, mvumilieni. Matokeo mara nyingi hurudi yenyewe, ndiyo maana makocha wapya husifiwa kwa ushindi ambao ungekuja tu. Nafasi zinazoruhusiwa zikiongezeka kila wiki, mabao ya kona yakiingia kwa kosa lilelile, na wachezaji wakiacha kukaba baada ya dakika ya 60, aondoke, tena kabla dirisha halijafunguliwa, ili mrithi awahi kusajili.