Betri ya lithiamu kinyozini Kondele: inakaa saa ngapi hasa?

Miezi kadhaa sasa natumia betri ya lithiamu ya volti 12.8, 100Ah, kwenye kinyozi yangu hapa Kondele, Kisumu, na nimeridhika nayo. Lakini muuzaji aliponiambia, "Omera, hii inakupa siku nzima," sikutoa pesa mpaka nilipopiga hesabu mwenyewe. Siku nzima ya balbu moja si siku nzima ya kinyozi.

Ampea-saa (hiyo Ah) peke yake hazitoshi. Zidisha kwa volti: 12.8 mara 100 ni wati-saa 1,280. Sipendi kuikamua betri mpaka mwisho, kwa hivyo nahesabu asilimia 80, yaani 1,024. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi, nayo hula chake. Nikiitengea asilimia 15, nabaki na 870 hivi. Hizo ndizo za kufanyia kazi.

Kujua vifaa vinakula kiasi gani, nilichomeka mita ndogo kwenye soketi, maana maandishi ya nyuma ya kifaa mara nyingi hutaja kiwango cha juu tu. Mashine mbili za kunyoa wati 24, balbu tatu 27, televisheni 45, Wi-Fi 9. Jumla 105. Gawanya 870 kwa 105: saa 8 na robo. Kuna siku stima ilipotea saa 3 asubuhi, tukanyoa mpaka karibu saa 12 jioni bila mteja kuondoka na nusu kichwa. Muda ule wa ziada najua ulikotoka: mashine huzimwa kila mteja anapoinuka kitini.

Kinachomaliza betri ni joto. Kabati la kupasha taulo linakula wati 200, na likiwaka zile saa 8 zinashuka chini ya 3. Stima ikienda, nalizima kwanza kabla ya kitu kingine, na wa taulo ya moto anasubiri.

Betri ya maji, yaani ya risasi na asidi kama ya gari, ya 100Ah ingekuwa nafuu kununua. Ila hiyo ukizoea kuishusha chini ya nusu inakufa mapema, na nusu yake ingenipa chini ya saa 5 kwa vifaa hivi hivi. Tena ni nzito mara mbili.

Lawama ninazo mbili. Vile vitaa vya kuonyesha chaji vinasoma volti, na volti za lithiamu hazishuki sana mpaka betri ikaribie kuisha, kwa hivyo vinaonyesha imejaa wakati imeshatumika sana. Mimi naangalia saa ya ukutani. La pili ndilo zito: chaja iliyokuja nayo ni ya ampea 10, kwa hivyo kujaza betri tupu huchukua kama saa 10. Stima ikirudi kwa saa mbili ikapotea tena, umepata ampea-saa 20 tu, sehemu moja ya tano. Kwa mitaa yetu hiyo haitoshi. Kama mtengenezaji wa betri yako anaruhusu chaja ya ampea 20, nunua hiyo kabla hujafikiria betri ya pili.